Akiki, tanzanaiti na habari za kuponya

Ukitoka Kariakoo ukavuka Mnazi Mmoja, unaingia Mchafukoge, upande ambao wazee bado wanauita Uhindini. Tazama vidole vya watu unaopishana nao. Hutachelewa kuona pete ya fedha yenye jiwe jekundu. Hiyo ni akiki. Wapo wanaoivaa kwa sababu ya dini, wapo wanaoamini inakinga husuda au inazuia damu kuvuja.

Imani hii ni ya siku nyingi kweli. Shanga za akiki zimefukuliwa na wanaakiolojia Kilwa, na kituo kikubwa cha kuzichonga kwa karne nyingi kilikuwa Khambhat, Gujarat. Mafundi wa huko waligundua siri moja: ukilichoma jiwe taratibu, chuma kidogo kilichomo ndani hubadilika na jiwe linakuwa jekundu zaidi.

Sasa njoo kwa tanzanaiti. Mitandaoni utaambiwa ni jiwe la uponyaji la tangu kale. Hapo tusimame kidogo. Jumanne Ngoma, anayetambuliwa na serikali kuwa mgunduzi wake, aliliona Mererani mwaka 1967. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya Marekani ikalipa jina la biashara, maana jina la kitaalamu, zoisaiti, kwa sikio la Mwingereza linakaribia neno la kujiua! Mwaka 2002 wafanyabiashara wa vito wa Marekani wakalifanya jiwe la waliozaliwa Desemba. Jiwe lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka milioni 500, lakini sifa zake za tiba pengine ni changa kuliko mama yako.

Nalo hupitia moto. Mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia; yakipashwa joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi, vanadiamu iliyomo inaleta ile buluu tunayoijua. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs. Mchanga wa kawaida unafika 7, kwa hiyo pete ya tanzanaiti inachubuka kirahisi. Vua kabla hujasugua sufuria.

Je, yanaponya? Madini haya hayayeyuki kwenye ngozi, wala hakuna jaribio la kitabibu lililothibitisha kuwa yanatibu ugonjwa. Pete ikikutuliza moyo, ivae tu, ila vidonge vya presha usiviache.

Athari ya kiafya iliyothibitishwa iko kwenye vumbi. Wachonga akiki wa Khambhat wamekuwa wakiugua silikosisi kwa kuvuta vumbi la silika, linaloacha makovu kwenye mapafu. Wachimbaji wa Mererani nao wanatoboa miamba yenye silika, na mapafu yaliyoharibiwa hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Siku ukiambiwa jiwe linaleta afya, muulize muuzaji kuhusu afya ya aliyelichimba.