Corniche: Gari la fahari lililozinduliwa kampuni ikiwa taabani

MNAMO Februari 4, 1971, kampuni ya Rolls-Royce, iliyokuwa imejijengea jina kote duniani kwa zaidi ya miaka 60, iliwekwa chini ya urasimu kwa kulemewa na gharama. Mwezi uliofuata, watengenezaji hao hao walizindua gari la milango miwili waliloliita Corniche, ambalo watu wengi humkumbuka nalo tajiri aendeshaye gari lililofunuliwa paa.

Si magari yaliyoiangusha kampuni hiyo. Iliangushwa na injini ya ndege, RB211, iliyokuwa ikiundwa kwa ajili ya ndege za Lockheed TriStar za Marekani, na ambayo gharama yake ilipita makisio kwa mbali. Serikali ya Uingereza ilitwaa kitengo cha injini za ndege. Kile cha magari kilitengwa, na mwaka wa 1973 kikawa kampuni ya kujitegemea.

Hata hivyo, gari hilo lilikuwa na safari yake ndefu. Zamani mnunuzi wa Rolls-Royce aliuziwa chesisi yenye injini, kisha akaipeleka kwa mafundi wamjengee bodi aitakayo. Desturi hiyo ilipata pigo mwaka wa 1965 lilipotokea Silver Shadow, gari la kwanza la kampuni hiyo ambalo bodi na chesisi ni kitu kimoja. Katika muundo kama huo paa ni sehemu ya nguvu za gari. Ukiliondoa, gari hulegea na kupindika.

Kazi ya kutatua tatizo hilo iliwaangukia mafundi wa Mulliner Park Ward, London, kampuni tanzu iliyoundwa mwaka wa 1961 kwa kuunganisha wajenzi wawili wa bodi. Waliimarisha sakafu na kingo za chini ya milango, wakatengeneza vipande vingi vya bodi kwa mikono, wakashona ngozi ya viti na kung'arisha mbao za dashibodi. Walianza na Silver Shadow la milango miwili mwaka wa 1966, na la kufunuliwa paa likafuata mwaka wa 1967. Corniche la 1971 lilikuwa zao la magari hayo, likiwa na jina jipya na injini iliyoongezewa nguvu.

Jina lenyewe latokana na barabara ya majabalini kando ya Bahari ya Kati, kusini mwa Ufaransa. Lilikuwa limetumiwa awali kwa Bentley la majaribio, ambalo bodi yake iliteketezwa kwa bomu katika bandari ya Dieppe, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Waliolifufua jina hilo, yaonekana, hawakuamini mikosi.

Gari lilikuwa na uzani wa zaidi ya tani 2, injini ya silinda 8 yenye ukubwa wa lita 6.75, na mfumo wa haidroliki uliotokana na ujuzi wa Citroën ya Ufaransa. Paa la turubai lilikunjwa kwa umeme. Ama nguvu za injini, kampuni haikuwa na mazoea ya kuzitaja kwa tarakimu. Mnunuzi aliambiwa tu kwamba zinatosha.

Lile lililofunikwa paa daima liliachwa mapema miaka ya 1980, lakini la wazi liliendelea kuundwa, likifanyiwa marekebisho madogo madogo, hadi mwaka wa 1995. Lile lililouzwa kwa nembo ya Bentley lilipewa jina la Continental mwaka wa 1984.

Corniche jingine, jipya kabisa, lilitokea mwaka wa 2000 wakati kiwanda cha Crewe kilikuwa tayari mikononi mwa Volkswagen ya Ujerumani. Lilidumu hadi 2002, likawa la mwisho lenye jina la Rolls-Royce kutoka kiwandani humo, kwani haki ya jina hilo ilikuwa imeuzwa kwa BMW, iliyoanza kuunda magari yake huko Goodwood mwaka wa 2003. Crewe ilibaki na Bentley, pamoja na injini ile ya silinda 8, ambayo vizazi vyake viliendelea kuundwa hapo hadi mwaka wa 2020.