Chipu Isiyo na Saa, na Simu za Mathe

Wasee, chipu ya simu yako ina saa ndani. Inapiga mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila sehemu inangoja pigo, hata ile iliyomaliza kazi kitambo.

Miaka ya 1950, David Muller wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alichora njia ya saketi bila saa. Sehemu moja inasema "data iko tayari", nyingine inajibu "nimepokea". Ni kama matatu: haingoji saa, inangoja kujaa. Makanga anagonga bodi, dereva anang'oa. Kifaa chake, elementi ya C, hakibadilishi jibu mpaka pande zote mbili zikubaliane.

Mwaka 1989 Ivan Sutherland akaandika "Micropipelines". Steve Furber, mmoja wa waliobuni ARM ya kwanza, akalichukua wazo hilo kule Manchester, na miaka ya 1990 ikatoka AMULET1, ARM isiyo na saa. Waya ikibadilika tu, hiyo ni ishara. AMULET2e ikahamia hatua 4: omba, jibu, ondoa ombi, ondoa jibu. Hatua ni nyingi, lakini saketi ni rahisi.

Mimi niliacha chuo nikisema siishi kwa saa ya wengine. Poa. Lakini mathe alipiga simu wiki nzima, sikushika. Saketi bila saa haijui kuchelewa, ila jibu lisiporudi, aliyeomba anabaki amesimama pale pale. Leo jioni nampigia.