Mpumbu, Samaki Aliyelisha Miji ya Shaba

Sisi tunaokaa Buluo hula bukari kwa samaki wa ziwa Tshangalele, ama kwa samaki wa bahari wanaoletwa katika barafu toka mbali. Vijana wetu wengi hawajui hata jina la mpumbu. Hata hivyo ndiye aliyelisha miji ya Katanga siku za wazee wetu, na habari yake yafaa kukumbukwa.

Mpumbu ni samaki wa ziwa Mweru. Chakula chake ni matope laini na uozo wa majani chini ya maji. Mvua zilipoanza, mpumbu wakubwa waliacha ziwa wakapanda mto Luapula, makundi kwa makundi, kwenda kutaga mayai katika mabonde yaliyofurika. Kwa ajili ya safari hiyo Wazungu walimwita samoni wa Luapula, ingawa si wa ukoo wa samoni.

Wenyeji wa maji hayo ni Washila. Wazee husimulia kwamba mfalme wao Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo alimwendea Mwata Kazembe amlipizie kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti akampa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, alama ya nchi na ziwa. Basi, tangu kale maji yale yalikuwa na wenyewe, na wakuu wake ndio waliofungua majira ya kuvua.

Kisha zikaja kazi za shaba. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Maelfu ya wafanyakazi walitaka posho. Wafanyabiashara Wagiriki wakakaa Kasenga, kando ya Luapula. Wakanunua samaki, wakawatia katika barafu, wakawapeleka mjini kwa kamyo. Mvuvi aliyekuwa akivua kwa chakula cha nyumbani na biashara ndogo sasa akapata soko lisiloshiba.

Nyavu zikaongezeka. Zilitegwa mtoni wakati ule ule mpumbu walipopanda wamejaa mayai, na mayai yenyewe yalikuwa na bei nzuri. Kumbe, kumkamata jike mmoja kabla hajataga ni kuwakamata na watoto wake wote. Tena mto ulikuwa mpaka: ng'ambo hii Wabelgiji, ng'ambo ile Waingereza. Sheria ya upande mmoja haikumfunga mtu wa upande wa pili. Mwisho wa miaka ya 1940 samaki wakapungua vibaya, na kufika mwaka 1950 hivi yale makundi makubwa hayakuonekana tena.

Tusiwalaumu wavuvi peke yao. Aliyenunua, aliyesafirisha, na sisi wa mijini tuliokula, wote tulishika kamba ya wavu ule.

Wala jambo hili si la Afrika tu. Miaka ile ile, trauti wa ziwa Michigan, kule Marekani, alimalizwa na nyavu pamoja na mnyama wa maji, mfano wa mkunga, anayenyonya damu ya samaki. Lakini Marekani na Kanada walipatana kwa mkataba mwaka 1954. Wakamwua yule mnyonyaji kwa dawa, wakapanda samaki wachanga, wakapunguza uvuvi. Na katika ziwa Superior trauti amerudi kuzaa mwenyewe. Mpaka wa nchi haukuwazuia kushika shauri moja.

Huku kwetu Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Lakini samaki hajui mpaka: upande mmoja ukifunga na wa pili ukivua, faida ni ndogo.

Na Tshangalele je? Ziwa hilo lilifanywa na watu, kwa kuziba mto Lufira pale Mwadingusha. Mitambo ya umeme ilianza kazi mwaka 1930. Leo linalisha Kapolowe, Likasi na nyumba zetu. Nyavu za macho madogo na uchafu wa viwanda vya madini vyalidhuru. Tunapochagua samaki sokoni, tuwaachie wachuuzi wale wachanga wasiofikia kuzaa. Mvuvi hatamvua samaki asiye na mnunuzi.