Maji ya Dar na mkataba wa 1994

Mwaka 2005 nilikuwa darasa la pili, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kupanga foleni ya madumu kwa jirani mwenye kisima. Wakubwa walikuwa wakiilaani City Water tu. Sikujua kwamba kanuni za ugomvi ule zilishaandikwa kabla sijazaliwa.

Mwaka 1994 Tanzania na Uingereza zilisaini mkataba wa kulinda uwekezaji, ukaanza kutumika 1996. Hakuna kutaifisha bila fidia, mwekezaji atendewe haki, na mambo yakiharibika anaweza kuishitaki serikali kwa wasuluhishi wa nje. Tulikuwa tunawatuliza watu ambao hawajasahau mabenki yaliyotaifishwa 1967.

Je, mikataba hii ndiyo inayowaleta? Wasomi wanabishana mpaka leo. Brazil ilisaini 14 miaka ya 1990, haikuridhia hata mmoja, na wawekezaji wakamiminika vilevile. Biwater nayo, kwa maoni yangu, ilifuata zabuni. Lakini hebu tazama ilivyoingia. Biwater ya Uingereza (asilimia 80) na Gauff ya Ujerumani (20) ziliunda kampuni iliyosajiliwa Uingereza, na hiyo ndiyo ikashika asilimia 51 ya City Water. Asilimia 49 zilikuwa za Super Doll, ya hapa hapa nyumbani. Yaani Mjerumani kapanda daladala ya Mwingereza, Mbongo kaachwa kituoni! Mkataba unamlinda mgeni tu, na karatasi za usajili ndizo zinazoamua mgeni ni wa wapi.

Kazi ilianza Agosti 2003, kwa miaka kumi. Mei 2005 Waziri wa Maji, Edward Lowassa, akatangaza kuvunja. Juni 1 wakuu watatu wakakamatwa na kurudishwa kwao.

Wakaenda ICSID, Washington, wakidai takriban dola milioni 20. Hukumu ilitoka Julai 2008, na ni ya ajabu kidogo: Tanzania imevunja mkataba wa 1994, ila haidaiwi hata senti. Kwa nini? Kwa sababu siku ile wakuu wanatimuliwa, City Water ilikuwa imeshajimaliza yenyewe, haina thamani yoyote ya kufidiwa.

Kila upande ukabeba gharama za mawakili wake. Mimi nilikuwa darasa la tano, bado napanga foleni, sasa na dumu la lita 20.