Mvua ya Mukuyuni yatokana na bahari yetu

Nilipita Mukuyuni, kaunti ya Makueni, mwezi wa Oktoba. Mashamba yameshalimwa, watu wanatazama mawingu. Sisi wa pwani twategemea masika. Ukambani tegemeo ni vuli, Oktoba hadi Disemba. Mkulima akipanda mapema na mvua isije, mbegu imepotea na fedha zake pia.

Elimu ya jambo hili hufundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Chiromo, katika iliyokuwa Idara ya Meteorolojia. Siku hizi imo ndani ya Idara ya Sayansi za Dunia na Tabianchi. Ndipo alipofundisha marehemu Profesa Laban Ogallo. Somo si geni kwa mabaharia wetu waliosafiri kwa kaskazi na kusi. Maji ya upande wetu wa Bahari Hindi yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, aghalabu vuli huzidi, kama 1997 na 2019. Yakipoa, huja ukame, kama mwisho wa 2010.

Wanafunzi wetu wa Lamu na Kilifi wanaopenda hisabati na fizikia, mbona idara hii hawaitaji?