Kabla ya Pafu Jipya, Nani Ako Zamu?

Tata yangu anaishi na mrija puani. Mashine yake ya oksijeni iko kando ya kiti, inanguruma usiku kucha. Stima ikipotea hapa Nyeri tunaamka wote, kwa sababu kile kimya ndicho kinatushtua. Mapafu yake yamejaa makovu, na daktari ameshataja kupandikizwa. Tangu siku hiyo familia inaongea India tu: visa, tiketi, mchango. Mimi nikaenda kusoma historia, na nikaona tunaanzia mwisho.

Pafu la kwanza la binadamu lilipandikizwa Juni 1963 huko Jackson, Mississippi, na daktari James Hardy. Mwezi huohuo Kenyatta alikuwa anaapishwa waziri mkuu hapa kwetu, na Harambee inakuwa neno la taifa. Mgonjwa wa Hardy, John Russell, alikuwa mfungwa wa maisha mwenye saratani ya pafu. Eti aliulizwa kama anakubali. Mfungwa angekataaje? Aliishi siku 18.

Miaka 20 iliyofuata madaktari walijaribu tena mara zaidi ya 40, sehemu mbalimbali za dunia. Wengi wa wagonjwa hawakumaliza mwezi. Halafu 1983, Toronto, kikosi cha Joel Cooper kikampa Tom Hall pafu moja, na jamaa akaishi zaidi ya miaka 6. Dawa mpya, ciclosporin, ilisaidia mwili usikatae pafu la mtu mwingine. Pia walikuwa wamegundua kwamba pale njia ya hewa inapounganishwa ndipo palikuwa panaoza, wakapafunga kwa utando wa mafuta kutoka tumboni ili damu ipafikie.

Lakini kilichonishika ni vile Toronto wanafanya mambo kabla ya upasuaji. Mgonjwa anahamia karibu na hospitali, anafanya mazoezi mara tatu kwa wiki akiwa na oksijeni yake, na lazima aje na mtu wa kumsimamia. Yaani pesa na daktari havitoshi. Wanataka kujua nani atakuwa na wewe Jumanne ya kawaida tu, ukiwa hauna nguvu ya kuoga.

Sasa rudi huku Mlimani. Mapafu ya watu wetu yana historia ndefu. Kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walisukuma watu zaidi ya milioni moja kwenye vijiji vya kubanana, na kubanana ndiko TB hupenda. Moshi wa kuni nao haujawahi kutoka jikoni kwa shosho. Huku kuna baridi, mlango hufungwa. Kuanzia 1970 wagonjwa wa Kenya na nchi jirani waliingia kwenye utafiti mkubwa uliosaidia kuonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu. Dunia nzima inatumia matunda ya kazi hiyo. Shida ni kwamba dawa inaua vidudu, haifuti kovu. Tata alipona TB akiwa msichana. Kovu ndilo limekuja kudai sasa. Na Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, kwa hivyo hata hewa yenyewe ni nyepesi kwa mtu kama yeye.

Tukipata mgonjwa, tunajua kufanya harambee. Hema, chai, mheshimiwa anafika akiwa amechelewa, siku hizi M-Pesa inafanya hata aliye Dubai achange. Sidharau. Bila mchango hakuna anayefika Chennai. Lakini harambee ni ya siku moja, na kungoja pafu kunaweza kuchukua miezi, hata miaka.

Shosho ndiye alinikumbusha ngwatio. Kabla ya hema na maikrofoni, wanawake wa Kikuyu walilima kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, hadi kila shamba liishe. Hakuna aliyepigiwa makofi. Ukikosa zamu yako, unajulikana.

Kwa hivyo niliandika zamu kwenye karatasi nikaibandika jikoni. Jirani mwenye jenereta alijiandikisha wa kwanza, hata kabla ya mjomba. Binamu analipa gesi ili tata asipikiwe kwa kuni. Mtu wa kukaa naye India miezi yote hiyo bado hajapatikana, na hapo ndipo kila mtu huangalia simu yake.

Zamu yangu ni jioni. Tunabeba mtungi mdogo, tunatembea kutoka mlangoni hadi kwa geti na kurudi, yeye akishika bega langu. Wiki jana ilikuwa mara nne. Jana alifika sita, akasimama kwa geti, akaniambia nisihesabu kwa sauti, majirani wanasikia.