Mgonjwa Hadaiwi Kila Tiba

Mwaka 1957 Bruno Haid, daktari wa usingizi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria, alimpelekea Papa Pius wa Kumi na Mbili maswali matatu. Je, daktari ana haki, au hata wajibu, wa kumuunganisha kila mgonjwa na mashine ya kupumulia, hata yule asiye na tumaini tena la kupona? Je, anaweza kuiondoa mashine hiyo kabla moyo haujasimama? Na mtu aliyepoteza fahamu kabisa, ambaye pumzi yake ni ya mashine tu, ahesabiwe hai au maiti? Jibu lilitolewa tarehe 24 Novemba mwaka huohuo, katika hotuba kwa madaktari. Papa alisema kwamba kwa kawaida mtu anawajibika kutumia njia za kawaida tu za kuutunza uhai wake, yaani zile ambazo, kwa kuangalia hali ya mtu, mahali na wakati, hazimtwishi yeye wala mwingine mzigo mzito. Ilifuata kwamba mashine inaweza kuondolewa. Kuhusu saa ya kifo, alisema kuitambua ni kazi ya madaktari, si ya Kanisa.

Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wakisimuliwa hayo hushangaa. Kwenye korido za vyumba vya wagonjwa mahututi mara nyingi husikika kauli nyingine: kwamba kukubali mashine izimwe ni kuua, kwamba kumrudisha mgonjwa nyumbani ni kukata tamaa mbele za Mungu, na kwamba familia inayouza shamba, ikachangisha ukoo mzima na kukopa juu yake, ndiyo iliyotimiza wajibu. Ninaheshimu upendo ulio ndani ya kauli hizo. Lakini zinapotolewa kama fundisho la imani, historia haiziungi mkono. Mafundisho ya Kikristo kuhusu jambo hili ni ya kale kuliko mashine yenyewe, na tangu mwanzo yalikataa kumdai mgonjwa kila tiba iliyopo duniani.

Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia katika karne ya nne, ndiye aliyejenga mojawapo ya hospitali za kwanza zinazojulikana katika historia, mahali pa kuwatunza wagonjwa, wakoma na maskini. Hakuna anayeweza kumshitaki kwa kudharau utabibu. Hata hivyo, katika kanuni alizowaandikia watawa alifundisha kwamba tiba ni zawadi ya Mungu, lakini Mkristo ajiepushe na ile inayomla muda na fikra zote hadi maisha yanageuka kuwa kazi ya kuuhudumia mwili. Karne kumi na mbili baadaye, mnamo miaka ya 1530, Mdominiko Francisco de Vitoria alilichukua swali hilo katika mihadhara yake huko Salamanca, Hispania, na kulijibu kwa mifano ya jikoni. Mgonjwa aliyepoteza hamu kabisa, ambaye kila tonge ni mateso kwake, hatendi dhambi ya kujiua akishindwa kula. Tena, daktari akimwambia kwamba angeishi miaka ishirini zaidi kwa kula kuku, halazimiki kuwanunua. Chakula anachokula watu wa kawaida kinatosha. Wala halazimiki kutoa mali yake yote ili apate dawa. Mwaka 1595 mwenzake wa shirika hilohilo, Domingo Báñez, aliyaweka mafundisho hayo katika majina mawili ambayo yametumika mpaka leo: njia za kawaida na njia zisizo za kawaida.

Inafaa kukumbuka upasuaji wa siku za Báñez ulivyokuwa. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani kule Boston mwaka 1846 tu. Kabla ya hapo, kukatwa mguu kulikuwa ni kufungwa mezani ukiwa na fahamu zako zote. Wanateolojia waliosema kwamba mtu anaweza kuukataa msumeno huo bila kosa hawakuwa wakifikiria umri wa msumeno wala ufundi wake. Waliangalia uchungu, hofu, gharama, na kama kuna faida ya kweli kwa mtu huyu. Hapa ndipo wasomaji wengi wa leo hukosea, maana hudhani kwamba njia ya kawaida ni ile ambayo hospitali imezoea kuitumia. Sivyo. Mjesuiti wa Marekani Gerald Kelly, aliyeandika kuhusu suala hili mwaka 1950 na 1951, alilazimika kulieleza upya kwa madaktari. Tiba ileile inaweza kuwa ya kawaida kwa kijana aliyepata ajali na isiwe ya kawaida kwa mzee ambaye saratani imeenea mwilini.

Mashine iliufanya ukweli huo uwe wa haraka. Mwaka 1952 polio ililipuka Copenhagen, na daktari Bjørn Ibsen akaonyesha kwamba wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua wanaweza kuokolewa kwa kusukumiwa hewa kupitia tundu la koo. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kuisukuma kwa mikono, usiku na mchana. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa vyumba vya wagonjwa mahututi. Iliokoa watoto ambao wangekufa, na yeyote anayeandika dhidi ya matumizi yasiyo na kipimo ya mashine anapaswa kulikiri hilo kwanza. Ila mbinu iliyobuniwa kumvusha mgonjwa mpaka nguvu zake zirudi ilianza kutumika pia kwa wasio na mahali pa kuvukia.

Karen Ann Quinlan wa New Jersey alikuwa na umri wa miaka 21 alipopoteza fahamu mwezi Aprili 1975. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki washika dini. Walizungumza na padri wao, wakaelewa kwamba imani yao haiwadai mashine, wakaomba iondolewe. Madaktari walikataa, na mahakama ya kwanza pia ikakataa. Askofu Lawrence Casey wa Paterson akawaunga mkono wazazi kwa maandishi, na Mahakama ya Juu ya jimbo, katika hukumu yake ya tarehe 31 Machi 1976, ilimnukuu yeye pamoja na hotuba ya Pius. Mashine ilipoondolewa, Karen aliendelea kupumua mwenyewe. Wazazi hawakuomba aondolewe mrija wa chakula. Kwao huo haukuwa mzigo wa aina ileile. Aliishi hadi Juni 1985. Ninakikazia kisa hiki kwa sababu kinajibu hofu ya wanaosema kwamba kuzima mashine kunamfungia Mungu mlango wa muujiza. Nia ya wazazi haikuwa afe. Walitaka aachwe katika hali yake ya asili, na uhai uliobaki wakaupokea na kuutunza kwa miaka tisa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mlango ukishafunguliwa hivi, eutanasia, yaani kumuua mgonjwa kwa huruma, itaingia. Halikutoka hewani. Joseph Fletcher, padri wa Kiepiskopali wa Marekani, alitetea eutanasia katika kitabu chake cha mwaka 1954, na hoja aliyoendelea kuishikilia ni kwamba kumwacha mtu afe na kumfisha ni kitu kimoja ikiwa mwisho ni uleule. Mmethodisti Paul Ramsey alimkabili mwaka 1970: pale ambapo tiba haifai tena, wajibu kwa mgonjwa haukomi, unabadilika kutoka kuponya kuwa kutunza, na sindano ya kuua inakatisha utunzaji huo. Kwa maoni yangu Ramsey alishinda, tena ushahidi ulikuwa umeshaanza kuonekana London. Cicely Saunders, Mwanglikana aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's mwaka 1967 kwa ajili ya watu wanaokaribia kufa. Hakuwarefushia maisha kwa mashine, na aliipinga eutanasia mpaka mwisho wake.

Kuna pingamizi linaloniuma kuliko hilo. Ikiwa gharama ni sababu halali ya kukataa tiba, je, Kanisa halijambariki tajiri aishi na maskini afe? Tamko la Vatican la mwaka 1980 kuhusu eutanasia linasema wazi kwamba mgonjwa anaweza kukataa tiba nzito kwa kutotaka kuibebesha familia au jamii gharama kubwa mno, na kwamba huko si kujiua. Maneno hayo yanaweza kutumiwa vibaya na serikali isiyotaka kununua mashine za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Lakini tazama ni nani anayeondolewa hatia: ni mgonjwa na ndugu zake. Vitoria hakusema kwamba ni haki dawa iuzwe kwa bei ya nyumba. Papa Francis, katika ujumbe wake wa Novemba 2017 uliomrejea Pius, alilalamikia palepale tiba za gharama kubwa zinazowafikia watu wachache wenye uwezo. Mjane asiye na fedha za kulipia kitanda hana dhambi. Kama ipo, iko mezani kwa wanaopanga bajeti ya afya.

Baadhi watasema Yohane Paulo wa Pili aliifunga njia hii mwezi Machi 2004, alipofundisha kwamba chakula na maji, hata kwa mrija, ni huduma ya kawaida kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu kwa muda mrefu. Aliibana, hakuifunga. Ufafanuzi wa Vatican wa mwaka 2007 ulikiri kwamba mahali pa mbali au penye umaskini uliokithiri huduma hiyo huenda isiwezekane, na hakuna anayewajibika kwa lisilowezekana. Yohane Paulo mwenyewe, hali ilipozidi kuwa mbaya, hakurudishwa hospitali ya Gemelli; alifia chumbani kwake mwezi Aprili 2005.

Hoja hii yote ingekuwa maneno matupu kama maskini, baada ya kuambiwa hadaiwi mashine, angeachiwa maumivu peke yake. Pius alikuwa ameshalisemea hilo mwezi Februari 1957, aliporuhusu dawa kali za maumivu hata zikifupisha uhai, ilimradi lengo ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Anne Merriman, daktari Mkatoliki aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, alianzisha Hospice Africa nchini Uganda akitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, dawa ya kunywa yenye bei ndogo ambayo mgonjwa anaweza kuitumia nyumbani kwake. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na daktari wa kuiandika, mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi waliofunzwa kazi hiyo waiandike wenyewe.